Bwana Afya Kaificha Mtoni, Baba Karudi Dunguni

Nachingwea, Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri; mvua haitaki kunyesha na haitaki kuondoka. Na mimi hivyo hivyo.

Leo makalio yangu hayajui kiti. Nimefagia chumba kilichokuwa kimeshafagiliwa. Nimeosha kikombe kisafi. Nimefungua kompyuta, nimeifunga, nimeifungua tena. Jirani wa chumba cha pili kaniuliza kama nasubiri mgeni, nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Kwamba baba yangu, mtu mzima mwenye nyonga mbovu, amerudi kulala juu ya dungu kule Kilimarondo kwa ajili ya tembo? Na kwamba kilichompandisha ni kosa lililo ndani ya programu iliyotengenezwa na watu ambao hawajui kama kuna mahali panaitwa Kilimarondo?

Nataka ashuke. Leo sina ninalotaka zaidi ya hilo.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana kichwa kinaruka.

Msimu uliopita Baba alianguka kutoka dunguni, kile kichanja cha miti ambacho mtu anakesha juu yake shambani kulinda mazao. Alisikia mahindi yanavunjika, akaamka ghafla, akakanyaga hewa. Nyonga haikurudi sawa mpaka leo. Ndipo mimi na shemeji yangu Hamisi, mume wa dada, tulipokaa tukatengeneza programu ya meseji. Anayewaona tembo, awe anatoka kisimani au anasukuma baiskeli njia ya mtoni, anatuma neno moja na jina la mahali. Programu inapeleka meseji kwenye simu zote za vitongoji vilivyoandikishwa. Watu wanatoka kwa pamoja na madebe, tochi na kelele, badala ya kila mmoja kukesha peke yake juu ya miti.

Baba akashuka. Msimu huu alikuwa analala kitandani kwake, na Mama akaacha kunipigia asubuhi kwa ile sauti ya mtu ambaye hajafumba jicho.

Hamisi yuko Ruangwa mjini, fundi simu. Wateja wake wengi ni wachimbaji wa Namungo, simu zao zinamfikia zimejaa vumbi mpaka kwenye tundu la chaji. Mimi niko hapa, asubuhi nafundisha watu kompyuta, mchana naandika programu. Msimbo wetu ni mmoja, yeye anaandika kwake na mimi kwangu, tunakutanisha. Sasa mwandiko wa Hamisi! Msimbo wake unafanana na kitanda cha mtu aliyechelewa kazini. Kwa hiyo tukawekeana sharti: kabla ya kuhifadhi chochote, kipite kwanza kwenye zana ya kupanga msimbo. Ni zana ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea huko ng'ambo. Inanyoosha mistari, inasawazisha nafasi, inaweka kila kitu mahali pake bila kubadilisha maana. Hamisi akaipa jina la Bwana Afya, kwa sababu inaingia kwako bila hodi, inachungulia kila kona, na ikitoka unabaki na aibu.

Halafu kuna utani. Shemeji asiponitania mimi amtanie nani? Kwenye msimbo unaruhusiwa kuandika maneno ya pembeni. Unatanguliza alama yake maalumu, na kompyuta ikiiona alama hiyo inaruka kila kinachofuata mpaka mwisho wa mstari. Wenye adabu zao huandika humo maelezo ya kazi. Hamisi anaandika mizaha. Kwenye orodha ya vitongoji, kila mstari una jina la kitongoji, na pembeni yake neno la kunichokoza. Pembeni ya Kilimani aliandika kwamba shemeji anaogopa tembo hata wa kwenye kanga.

Chini ya Kilimani ilikuwepo Mtoni, mwisho kabisa. Mtoni ni kwetu. Orodha niliiandika mimi, na nilivyolelewa, mtu hajipakulii kwanza wakati wageni wana sahani tupu. Nikawaweka wenzetu wote juu, kwetu nikapaweka mwisho.

Mwezi huu Bwana Afya akatoka na toleo jipya. Nikalipokea kwa furaha, mimi na upendo wangu wa vitu vipya. Kumbe toleo hilo limejifunza kubana nafasi. Likikuta jina fupi limekaa peke yake mwisho wa orodha, linalivuta juu likakae na mwenzake. Mtoni ni jina fupi. Likavutwa juu, likakalishwa kwenye mstari wa Kilimani, nyuma ya mzaha wa Hamisi. Kompyuta ikafika kwenye alama, ikauruka mzaha, ikairuka na Mtoni pamoja nao.

Hakuna kosa lililoonyeshwa. Programu iliendelea kufanya kazi vizuri kwa kila kitongoji isipokuwa kimoja. Sisi nasi hatukutazama, kwani nani anakagua nyuma ya Bwana Afya? Akishapita, umeshajua pako safi.

Usiku wa kuamkia Jumanne tembo walivuka mto. Kilimani walipata meseji, wakatoka na madebe yao. Mtoni walikuwa wamelala.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Nilipompigia Baba alisema wamegusagusa tu, nisihangaike. Jumatano nikagundua chanzo, nikarudisha toleo la zamani, nikampigia tena kumwambia imepona, arudi kitandani. Alinijibu kwa upole. Angefoka, ningelala vizuri zaidi.

"Simu yako ni nzuri, mwanangu. Ila mimi nina masikio."

Jioni ile akapanda tena, na nyonga yake ile ile.

Nimetembea na maneno hayo tangu Jumatano. Nikifundisha yapo, nikila yapo. Yameniuma, nisiseme uongo. Nilisomeshwa kwa ufuta wa mzee huyu, na kitu pekee nilichowahi kutengeneza kwa ajili yake kimemwacha amelala wakati alipotakiwa kuwa macho. Nikajiambia, Baba si mjinga. Ameona nimeziba tundu kwa kitambaa. Toleo jipya bado lipo huko nje, na siku moja mimi au Hamisi tutaliweka tena kwa kusahau. Lakini nikimwambia kosa nimeling'oa kwenye mzizi, na wenye zana wenyewe wamekubali, hatakuwa na sababu ya kubaki kule juu.

Ndiyo maana leo nimeingia ndani ya Bwana Afya mwenyewe.

Kuingia kwenye msimbo wa watu wengine ni kama kuingia jikoni kwa mama mkwe. Kila kitu kina mahali pake, na mahali penyewe hujaambiwa. Asubuhi nzima nimesoma tu bila kugusa. Nimepotea, nimerudi, nimepotea tena. Chai imepoa, nimeipasha, imepoa. Umeme umekatika nikiwa nimeanza kuelewa, nikabaki na betri ya kompyuta na roho juu.

Hatimaye nikapaona. Ni mahali padogo. Kabla ya kulivuta jina la mwisho juu, zana inauliza swali moja: kuna nafasi? Ikipata nafasi, inavuta. Haiulizi kama mstari ule umeishia kwa maneno ya pembeni. Mtu anakaribishwa kwenye kiti kwa sababu kiti kiko wazi, hakuna aliyetazama kama kina miguu.

Nikaongeza swali la pili. Mistari mitatu ya msimbo basi! Nilicheka peke yangu kwa hasira.

Wenye zana wana majaribio yao, mengi, ambayo kila badiliko lazima liyapite. Nikayaendesha. Yakapita yote, isipokuwa moja. Kuna maneno ya pembeni ya aina nyingine, yenye alama ya kufungua na alama ya kufunga, na kinachofuata baada ya kufungwa kompyuta inakisoma kama kawaida. Mimi nilikuwa nimezuia aina zote mbili. Betri inapungua, umeme haurudi, na jaribio moja linaniangalia. Nilitamani kulifuta. Nakiri, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nani angejua?

Halafu nikamkumbuka Baba akipalilia. Hafichi jani chini ya udongo ili mstari uonekane safi. Nikarudi, nikatenganisha aina hizo mbili, nikaendesha tena. Yakapita yote. Nikaongeza na jaribio langu, orodha yetu kama ilivyokuwa siku ile: Kilimani, mzaha wa Hamisi na tembo wake wa kanga, na Mtoni chini. Nikawasha mtandao wa simu, nikawatumia wenye zana, na maelezo juu yake kwa Kiingereza changu cha darasani.

Hapo ndipo wazimu wa leo ulipoanza rasmi, maana hakuna nilichobakiza isipokuwa kusubiri, na kusubiri sikujaliwa.

Mmoja wao akajibu mapema kuliko nilivyotegemea. Jibu la adabu, fupi, baridi. Akauliza kwa nini mtu aandike maneno ya pembeni katikati ya orodha. Si ayaweke juu yake, kama inavyoshauriwa? Kwamba labda tatizo ni uandishi, si zana.

Niliinuka. Nikaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, nikazigeuza nguo ambazo hazijakauka, nikarudi. Nikamwandikia jibu refu lenye Baba ndani yake, na nyonga, na mto, na shemeji. Nikalisoma. Nikaona naomba huruma mahali ambapo nina haki, nikalifuta. Nikaandika jingine fupi kama lake: zana inayoahidi kutobadilisha maana imebadilisha maana. Mtu akiandika vibaya, mpangie vizuri au mwache alivyo, lakini usimfiche.

Nikatuma kabla sijapoa. Nikaanza kujuta hapo hapo.

Wakati nasubiri, Hamisi akapiga. Nyuma yake nilisikia vuvuzela na pikipiki, timu ya nyumbani inacheza leo na Ruangwa nzima inaelekea uwanjani. Yeye yuko dukani kwake. Hamisi, mtu ambaye aliwahi kuchelewa hitima kwa sababu ya mechi!

"Shem, nimefuta utani wote. Wote kabisa. Siandiki tena kitu humo."

Nikamwambia kosa ni la zana, nimeliona kwa macho yangu, nimelirekebisha, arudishe maneno yake.

"Mzee analala juu ya miti kwa ajili ya mdomo wangu, unaniambia nirudishe? Hii kitu imenichoma, usiniambie."

Nikamchokoza kidogo, nikamwambia ukoo wao tangu zamani kazi yao ni kula na kulia. Hakunirudishia utani. Aliniaga kwa kuniita dada. Tangu amuoe dada yangu hajawahi kuniita hivyo, na sikupenda nilivyojisikia.

Umeme ukarudi. Na jibu likaja.

Yule mtu wa ng'ambo kasema nina haki. Kasema alikuwa anafikiria mwandiko, kasahau ahadi. Marekebisho yamepokelewa, yatatoka na toleo lijalo, na jaribio langu litabaki humo ili kosa lile lisirudi. Maana yake, popote duniani watu wanapoihudumia zana hii, itakuwa inajiuliza kila mara kama Mtoni ya Kilimarondo iko mahali pake.

Nilirukaruka. Jirani alichungulia tena. Safari hii nilimpungia mkono. Nikapiga simu nyumbani na maneno yote niliyoyapanga tangu Jumatano, ya mzizi na wenye zana na toleo lijalo.

Akapokea Mama. Nikamwagia yote bila salamu. Nikamaliza kwa kusema, kwa hiyo mwambie Baba ashuke, mahindi sasa yana mlinzi.

Mama akasema, "We Zuhura. Mahindi gani?"

Yetu, nikasema.

"Yetu hayapo toka Jumanne. Hata bua la kutafuna halikusalia. Baba yako kanikataza nisikwambie, na mimi nimechoka kukatazwa."

Sikuelewa. Nikamuuliza, sasa dunguni analinda nini?

"Analinda ya Bi Somoe."

Bi Somoe ni jirani yetu, mjane. Shamba lake linapakana na letu upande wa mto. Mama akanieleza taratibu, huku anatazama mlango, nadhani, maana kila mara alikuwa anashusha sauti. Msimu ulipoanza, Ijumaa moja baada ya swala, Baba alisimama mbele ya watu wa Mtoni akawaambia walale majumbani mwao. Akawaambia mwanawe ametengeneza kitu, tembo wakivuka simu italia, yeye ndiye mdhamini. Watu wakamwamini, kwa sababu Baba si mtu wa maneno mengi. Bi Somoe aliyekuwa anakesha dunguni na wajukuu zake akashuka na wajukuu zake. Usiku ule tembo walimaliza letu, wakaingia kwake, wakala nusu. Nusu iliyobaki ndiyo chakula chake mpaka msimu mwingine. Na dungu analolala Baba si letu. Ni la Bi Somoe.

Hakupanda kwa sababu haiamini simu yangu. Alipanda kwa sababu aliiamini mbele za watu.

Nilikaa chini. Kwa mara ya kwanza leo, nilikaa. Siku zote hizi nimejiona mimi ndiye niliyedharauliwa, nikitafuta namna ya kumwonyesha mzee kwamba kazi yangu ni nzima. Yeye hajalalamika hata kwa Mama. Amechukua kosa ambalo halijui hata linafananaje, amelibeba kama la kwake, amepanda nalo juu ya miti.

Na Ijumaa ya jana, Mama anasema, alitoka msikitini wa kwanza. Baba, ambaye kawaida hubaki nje mpaka wote waishe kusalimiana.

Nilimwomba Mama anipe Baba. Alikuwa uani anajiandaa kwenda, nilisikia fimbo inagonga sakafu inavyokaribia. Akanisalimia, akaniuliza kazi. Nikasema nzuri. Nilikuwa na habari ya ushindi mdomoni na sikuitoa. Ingemsaidia nini?

Nikamwambia nakuja kesho. Kwamba nitakwenda kwa Bi Somoe, halafu kwa wengine wote wa Mtoni, nyumba kwa nyumba, nikae mkekani niwaeleze kwa mdomo wangu kilichotokea na kwa nini hakitatokea tena. Kwamba kazi ile ni yangu na Hamisi, na yeye alichofanya ni kumwamini mwanawe tu. Na kwamba usiku nitapanda mimi, yeye alale.

Nyuma nilimsikia Mama anasema lahaula.

Baba hakusema usije. Hakusema njoo. Nikaogopa nimemvunjia heshima.

"Ukija," akasema, "uje na betri za tochi. Zile kubwa. Hizi ziliisha toka juzi."

Akaaga.

Toka juzi. Kule juu, karibu na mto, gizani, masikio yake tu.

Gari la Kilimarondo huondoka kabla maduka hayajafunguliwa. Nimeshavaa viatu, naenda kuzinunua sasa hivi.